Uzi: Jicho lina DNA ya kuotesha meno. Mbona halioti? (Habari ya mkunjo wa DNA na magonjwa)

Mvua_ya_Tukuyu

Kamwene wana Iringa, na ndugu zangu wa Rungwe poleni na mvua. Uzi ni mrefu, chemsheni chai kwanza.

Nafundisha baiolojia sekondari huku Rungwe, mwaka wa kumi na moja sasa. Wiki iliyopita nilikuwa kidato cha nne. Kuna kijana wa dawati la nyuma ambaye kazi yake ni kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Siku hiyo akanyoosha mkono: "Mwalimu, umesema kila seli ina DNA ileile. Mbona jicho halioti meno?"

Darasa likaangua kicheko. Nikampa jibu la kitabuni, kwamba jeni nyingine huwashwa na nyingine huzimwa, kengele ikanistiri. Nikiwa kwenye bajaji narudi nyumbani swali likaanza kunitafuna. Huwashwa na nani? Huzimwa kwa kitu gani? Miaka kumi na moja nimekuwa nikiwapa watoto nusu habari.

Nimekesha siku nne nasoma. Naleta hapa nilichokipata, maana humu kuna manesi, wafugaji, na wabishi wa kutosha.

Tuanze na vipimo. Seli yako moja yenye kiini imebeba DNA ya urefu wa mita mbili hivi. Ukinyoosha hiyo ya seli moja inakupita urefu. Na kiini chenyewe kina upana wa mikroni sita hivi, yaani ukivipanga viini 160 mstari mmoja ndiyo unapata milimita moja. Kama kiini kingekuwa na ukubwa wa chungwa, DNA ingekuwa uzi wa kilomita 20, mwembamba kuliko unywele. Huo wote uingie ndani ya ganda la chungwa, usijifunge fundo, na kila saa watu waingie kusoma kipande hiki na kile.

Mama yangu anafuma sweta za shule Mwanjelwa tangu nikiwa mtoto. Ndiye aliyenifanya nielewe jambo hili kuliko kitabu chochote. Donge la uzi lililozungushwa vizuri unalivuta tu linakuja. Lililovurugwa na paka ni uzi uleule, rangi ileile, urefu uleule, ila hupati hata kola. Na ukitaka uzi wa bluu ulioko katikati ya donge huupati mpaka ulegeze kilichouzunguka.

Sasa seli inazungusha hivi. DNA inazungushiwa vigololi vya protini vinavyoitwa histoni. Histoni nane zinakaa pamoja, DNA inazizunguka mara moja na zaidi kidogo ya nusu, herufi 147 (zile A, T, G na C zinazoandika DNA) kwa kila kigololi. Halafu inatoka kidogo, inazunguka kigololi kingine. Seli moja ina vigololi kama milioni 30. Mwaka 1974 Roger Kornberg ndiye aliyeeleza mpango huo, na mwaka huohuo Ada na Donald Olins wakaonyesha picha za darubini ya elektroni: shanga kwenye uzi, kweli kabisa kama zile za kiunoni.

Kwa nini DNA inashikamana na histoni? DNA ina chaji hasi, histoni zina chaji chanya. Kila histoni ina mkia unaoning'inia nje, na mikia hiyo seli inaibandika vitu. Ikibandika asetili, kikemikali kidogo tu, chaji chanya inapungua, mshiko unalegea, na mashine za kusoma jeni zinapata pa kuingilia. Ikibandua, DNA inabanwa tena. Kuna vibandiko vingine vinavyoita protini za kubana zaidi, mpaka kipande kizima kinakuwa donge gumu lililosukumwa ukutani mwa kiini.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya jibu la kijana wangu: jeni za kutengeneza meno zimo ndani ya jicho, ila zimebanwa na kufungiwa. Hakuna anayezifikia.

Nusu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Naileta baada ya kula.

---

Nesi_wa_Zamu

Mwalimu mwambie huyo kijana meno huota pasipo pake. Kuna uvimbe wa kwenye ovari, wadaktari wanautoa, wakiupasua unakuta nywele, mafuta, na meno. Meno kabisa. Wanauita teratoma. Niliuona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, nikashindwa kula siku hiyo.

Ndugu wa mgonjwa huwa wanadhani amerogwa.

---

Baridi_ya_Makete

Niko siti ya mbele. Shusha nondo.

---

Mvua_ya_Tukuyu

Nesi, umenipa mfano wa bure kwa kipindi cha Jumatatu. Na ndiyo hivyo hasa: uvimbe ule unaanzia kwenye seli ya uzazi, ambayo bado haijafungiwa njia. Inaweza kuwa chochote, ikaamua kuwa kila kitu kwa wakati mmoja.

Nusu ya pili sasa. Nilidhani, kama wengi, kwamba swichi ya jeni, yaani kipande cha DNA kinachoiwasha, inakaa pembeni ya jeni, kama swichi ya taa pembeni ya mlango. Kumbe swichi nyingi ziko mbali mno. Nyingine iko herufi milioni moja kutoka kwenye jeni inayoiongoza, na katikati kuna jeni nyingine zisizohusika. Itafikaje? DNA inajikunja mpaka swichi inaigusa jeni yake. Kwenye uzi ulionyooshwa zimetengana, kwenye uzi uliokunjwa ni majirani wa ukuta kwa ukuta.

Walijuaje? Mwaka 2002 Job Dekker na wenzake walibuni njia ya kijanja. Unachukua seli hai, unazimwagia fomalini, ileile ya kuhifadhia maiti, na kila kilichogusana kinaganda kikiwa kimegusana. Unaikata DNA vipande, unaunganisha ncha zilizokaa jirani, halafu unasoma nani ameungana na nani. Mwaka 2009 Dekker na Erez Lieberman-Aiden na wenzao wakaipanua ikasoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya seli, kwa mkupuo, wakaiita Hi-C. Ramani zilizotoka zimewafungulia watu macho.

Mwaka 2012 ramani hizo zikaonyesha kitu ambacho Mtanzania yeyote anakielewa: vitongoji. DNA imegawanyika katika vitongoji vya urefu wa laki kadhaa mpaka milioni moja hivi ya herufi. Swichi na jeni za kitongoji kimoja zinagusana zenyewe kwa zenyewe mara nyingi, na za kitongoji cha jirani kwa nadra. Mpakani wanasimama walinzi, protini inayoitwa CTCF. Na kuna pete ya protini inaitwa kohesini, inaushika uzi na kuanza kuuvuta ndani, kitanzi kinakua, kinakua, mpaka pete inagonga mlinzi wa huku na mlinzi wa kule, inasimama. Kama hujawahi kuona mtu anafuma huwezi kuamini. Mimi niliposoma nilimpigia mama simu saa nne usiku. Akaniambia nilale.

Hapa ndipo ugonjwa unapoingia. Mlinzi wa mpaka akifutika, swichi ya kitongoji A inavuka na kuwasha jeni ya kitongoji B. Herufi za jeni hiyo ziko sahihi zote. Ukiipima peke yake unaambiwa haina kosa. Tatizo ni jirani mpya.

Mwaka 2015 kundi la Stefan Mundlos kule Berlin walichunguza familia zenye vidole vilivyoharibika toka kuzaliwa: vifupi, vilivyoungana, au vya ziada. Wakakuta vipande vya DNA karibu na jeni inayoitwa EPHA4 vimekatika, au vimegeuzwa, au vimejirudia, na mpaka wa kitongoji umevunjika. Swichi za kiungo zilizokuwa za EPHA4 zikaenda kuwasha jeni za majirani. Wakayatengeneza makosa yaleyale kwa panya, na vidole vya panya vikaharibika hivyohivyo.

---

Mwana_Kyela

Mwalimu umegusa kwetu. Mdogo wangu alizaliwa na kidole cha sita pembeni ya kidole kidogo. Bibi alikifunga kwa uzi kikakauka kikadondoka. Watu wakasema ni mikosi ya ukoo wa baba. Kwa hiyo ni huo mpaka wa kitongoji?

---

Mvua_ya_Tukuyu

Pole kaka, ila hapana, nisikudanganye. Kidole cha ziada upande wa kidole kidogo ni kitu cha kawaida sana kwetu Waafrika, mara nyingi kinatembea ndani ya familia na hakina ubaya wowote. Wala si mkosi. Kikitokea tena nyumbani, wapelekeni mtoto hospitali wakakitoe vizuri, kufunga uzi kunaweza kuacha kidonda kikaoza.

Cha ziada upande wa dole gumba ndicho chenye habari ya swichi ya mbali. Kuna jeni inaitwa SHH inayoupanga mkono wa mtoto tumboni. Swichi yake ya mkono ndiyo ile niliyosema iko umbali wa herufi milioni moja, tena imejificha katikati ya jeni nyingine isiyohusika. Herufi moja tu ikibadilika kwenye swichi hiyo, dole gumba linakuwa mawili. Watafiti wa Edinburgh waliikuta mwaka 2003. Paka wa vidole sita wanaozurura Key West kule Marekani wana kosa kwenye swichi hiyohiyo.

Na nyoka je? Wanayo swichi hiyo, ila imechakaa. Mwaka 2016 watafiti wa California waliitoa ya panya wakaweka ya nyoka. Panya wakazaliwa na vijiti vifupi mahali pa miguu. Jeni yenyewe hawakuigusa.

---

Asali_Mafinga

Mimi si msomi, nina mizinga arobaini. Ila hili la DNA moja matokeo mawili tunaishi nalo. Malkia na kibarua ni ndugu wa mama mmoja, mayai hayana tofauti. Anayelishwa maziwa ya nyuki mpaka mwisho anakuwa malkia, anataga, anaishi miaka. Anayebadilishiwa chakula anakuwa kibarua, msimu wa maua ukikolea wiki sita tu amekwisha. Ni mkunjo huo?

---

Mvua_ya_Tukuyu

Mzee Asali, wewe ndiye msomi. Mwaka 2008 watafiti wa Canberra walichukua buu wa nyuki wakazima kimeng'enya kinachobandika alama za methili, kikemikali kingine kidogo, kwenye DNA yenyewe. Hawakuwapa maziwa ya malkia zaidi ya wengine. Wengi wao wakatoka na ovari za kimalkia. Maana yake chakula kinafika mpaka kwenye vibandiko, na vibandiko ndivyo vinavyoamua kipi kisomwe. Kama kuna ramani nzuri ya vitongoji inayoonyesha kila kilichohama kwa huyo malkia sijakutana nayo, kwa hiyo naishia kwenye vibandiko.

---

Binti_Sae

Mwalimu na paka? Nyumbani tuna paka wa rangi tatu, mama anasema hao hawazai dume.

---

Mvua_ya_Tukuyu

Mama yako amekosea kidogo tu. Anazaa madume vizuri, ila madume hao kwa kawaida hawawi na rangi tatu. Paka mwenye nyeusi na manjano pamoja karibu kila mara ni jike, na sababu yake ni mkunjo mkubwa kuliko yote niliyosoma.

Jike ana kromosomu X mbili. Zote zikifanya kazi inakuwa dozi mbili, hatari. Kwa hiyo mapema tumboni kila seli inachagua X moja, inaikunja yote nzima mpaka inakuwa donge jeusi, inaizima maisha. Donge hilo Murray Barr aliliona kwa hadubini mwaka 1949, tena kwenye seli za paka. Mwaka 1961 Mary Lyon akaeleza maana yake. Uchaguzi ni wa kubahatisha, seli hii inakunja X ya baba, ile inakunja ya mama, na watoto wa seli hufuata. Swichi ya rangi ya manjano iko kwenye X. Basi kila doa la manjano kwenye mgongo wa paka wenu ni ukoo wa seli zilizokunja X yenye nyeusi. Unaangalia mkunjo wa DNA kwa macho, bila maabara.

Na juzi tu, mwaka 2025, makundi mawili ya Japani na Marekani yametangaza chanzo cha hiyo manjano: kipande cha herufi kama elfu tano kimekatika karibu na jeni moja ya X. Herufi zinazotengeneza protini ni nzima. Jeni hiyo ikawaka mahali isipotakiwa kuwaka. Mnaona nyimbo zinavyorudi kwenye kiitikio kilekile?

Dada, mna bahati. Wanawake nyote mko hivyohivyo, mchanganyiko wa madoa, ila hayaonekani.

---

Binti_Sae

Hahaha, kwa hiyo mimi ni paka.

---

Mama_Wawili

Shikamoo mwalimu. Nasoma kimya toka mwanzo. Mtoto wangu wa pili ana selimundu, tunatibiwa Mbeya mjini. Niliambiwa ni herufi moja tu imekosewa. Hiyo habari ya mkunjo inamhusu?

---

Mvua_ya_Tukuyu

Marahaba mama, na pole sana kwa kuuguza. Inamhusu kuliko mtu mwingine yeyote hapa, ngoja niandike taratibu.

Ni kweli, kosa ni herufi moja kwenye jeni ya beta ya himoglobini, kromosomu ya 11. Hapo hakuna mkunjo. Huku milimani wagonjwa si wengi kama Kanda ya Ziwa au Pwani, kwa sababu kubeba jeni hiyo moja kunamkinga mtu na malaria kali, na kwenye baridi malaria ilikuwa kidogo. Lakini watu wanahama na kuoana, na Kyela malaria ipo.

Sasa jiulize: mwanao alianza kuumwa lini? Wengi wanaanza baada ya miezi sita hivi, vidole kuvimba, kulia usiku. Kabla ya hapo alikuwa mzima, na herufi ilikuwa imekosewa toka tumboni! Aliyemlinda ni himoglobini ya kichanga. Mtoto tumboni hatumii sana jeni ya beta, anatumia nyingine inayoitwa gama. Jeni hizi zimepangwa kwenye uzi kwa mfuatano wa umri: ya mimba changa kwanza, kisha gama, mwisho beta. Na kuna swichi kuu moja kwa zote. Tumboni uzi unakunjwa swichi inaigusa gama. Baada ya kuzaliwa protini inayoitwa BCL11A inaizima gama, na swichi inahamia kwa beta. Kwa mtoto mwenye beta nzima hakuna shida. Kwa wako ndipo maumivu yanapoanza.

Ndiyo maana watu wakajiuliza: tukiulazimisha uzi ukunjwe kama zamani? Mwaka 2014 kundi la Gerd Blobel kule Philadelphia walitengeneza protini ya kuivuta swichi kuu irudi kwa gama, ndani ya seli za watu wazima kwenye maabara. Gama ikawaka tena. Hilo kwangu ndilo thibitisho kubwa kwamba mkunjo wenyewe unafanya kazi, hauji nyuma kama mkia tu.

Na tiba ipo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza kisha Marekani ziliidhinisha Casgevy. Wanatoa seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, kwa mkasi wa CRISPR wanaiharibu swichi ya BCL11A inayofanya kazi kwenye seli za damu, wanazirudisha. Ile herufi iliyokosewa hawaigusi kabisa, iko palepale. Wanamrudishia damu ya kichanga. Bei Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2, na mgonjwa anapigwa kwanza dawa kali za kuua uboho wa zamani. Sisemi ili nikutamanishe mama, najua ziliko pesa hizo na tulipo sisi.

Ila haidroksiurea ipo, na yenyewe moja ya kazi zake ni kuipandisha hiyo himoglobini ya kichanga. Kama mwanao hayuko kwenye dawa hiyo, muulize daktari wake.

---

Mama_Wawili

Yupo nayo toka mwaka jana, na kulazwa kumepungua. Nilikuwa nampa tu bila kujua inafanya nini. Ndaga fijo mwalimu.

---

Nesi_wa_Zamu

Niongeze moja inayotuhusu Afrika Mashariki. Watoto wanaovimba taya ghafla, meno yanalegea. Ni saratani ya Burkitt, ilielezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Kampala. Tulifundishwa kwamba kromosomu ya 8 na ya 14 zinabadilishana vipande. Mwalimu tafsiri kwa vitongoji.

---

Mvua_ya_Tukuyu

Kwenye ya 8 kuna jeni MYC, inayoiambia seli igawanyike. Kwenye ya 14 kuna swichi kali mno za kutengeneza kingamwili, kwenye seli za kinga zinawaka mchana na usiku. Vipande vikibadilishana, MYC inaamkia kitongoji cha hizo swichi. Seli inagawanyika bila breki, taya linavimba ndani ya wiki chache. Malaria ya kila mara na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa 1964 kutokana na uvimbe huohuo, ndivyo vinavyoandaa mazingira ya ajali hiyo. Na kwa kuwa seli zinagawanyika haraka, dawa za saratani zinazikamata. Anayewahi hospitali anaweza kupona kabisa. Sisitiza hilo wewe nesi, watakusikia kuliko mimi.

---

Mbishi_wa_Kihesa

Nimewaacha mmeongea. Nimesoma mambo haya chuo, na naona uzi unaanza kupotosha. Mwaka 2017 watu waliiondoa kohesini kwenye seli ndani ya saa chache. Vitanzi vyote vikapotea. Vyote! Na jeni? Nyingi ziliendelea kama kawaida, chache tu zikabadilika sana. Kama mkunjo ndio mwenye nyumba, mwenye nyumba ameondoka na watu wanapika.

---

Mvua_ya_Tukuyu

Nilikuwa nakusubiri. Majaribio hayo ni ya kweli na yaliwatikisa watu. Nakubali nusu.

Seli zile zilikuwa tayari zimeshajijua ni nani. Mama akiondoa sindano kwenye sweta lililokwisha, sweta halifumuki. Ukiziondoa katikati ya kufuma ni habari nyingine. Mwaka 2018 seli za kinga za panya zisizo na kohesini zilipochokozwa kana kwamba vijidudu vimeingia, zilishindwa kuwasha sawasawa jeni za kujibu shambulio. Na kuna watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Cornelia de Lange, nyusi zimeungana, mikono midogo, akili inachelewa. Toka 2004 inajulikana wengi wao wana kosa kwenye NIPBL, protini inayoipandisha kohesini kwenye uzi. Kohesini wanayo. Inapandishwa pungufu kidogo tu, na mtoto mzima anabadilika.

Pale ulipo sawa ni hapa: vitanzi ni tabaka moja. Vibandiko vya histoni ni tabaka jingine, na jaribio la 2017 halikuvigusa.

---

Mbishi_wa_Kihesa

Sawa, mfano wa sweta nimeukubali kwa shingo upande.

---

Afya_Tele_Kabwe

Asante kwa elimu nzuri. Wapendwa, tunao unga wa mimea unaofungua DNA iliyojikunja vibaya, unatibu kisukari, presha, selimundu na ugumba. Kopo moja 95,000. Nitumie ujumbe.

---

Mvua_ya_Tukuyu

Nilijua utakuja. Mama yangu alinunua unga kama huo kopo mbili, mtu alimfuata mpaka kwenye meza yake ya sweta. Pesa ya uzi wa muhula mzima. Goti lake liko vilevile.

Dawa zinazogusa vibandiko zipo, za kweli. Vorinosta iliidhinishwa Marekani 2006 kwa aina moja ya saratani ya ngozi. Hata valproeti ya kifafa, mwaka 2001 iligundulika inazuia asetili isibanduliwe. Lakini dawa hizo hazichagui kitongoji, zinalegeza huku na huku, na inadhaniwa hiyo ni sababu mojawapo ya valproeti kuogopwa kwa wajawazito. Kama unga wako ungekuwa unafungua mikunjo kweli, ungepaswa kuuzwa na mtu anayejua ni mkunjo upi, kwenye seli ipi, kwa muda gani. Hujui, ndiyo maana unatibu kisukari na ugumba kwa kijiko kilekile.

Wenye kifafa, msiache dawa kwa sababu ya uzi huu. Muoneni daktari.

---

Baridi_ya_Makete

Kopo limekunjwa.

---

Mvua_ya_Tukuyu

Mrejesho wa Jumatatu. Niliingia darasani na donge la uzi wa mama na shanga. Nikawaeleza yote haya kwa vipindi viwili. Mwisho nikamgeukia kijana wangu nikamwambia zawadi yake: kwenye jicho lenyewe kuna mkunjo wa ajabu. Wanyama wanaowinda na kutembea usiku, panya na paka, seli zao za kuonea gizani zimeigeuza DNA. Ile iliyobanwa sana, ambayo kwa seli nyingine inasukumwa ukutani, kwao imejaa katikati ya kiini kama gololi, na inakusanya mwanga kama lenzi ndogo. Watafiti wa Ujerumani walieleza hilo mwaka 2009. Ng'ombe na nguruwe hawana.

Akafikiri. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, seli ikitaka kugawanyika si inakunja kila kitu kuwa kromosomu? Vitongoji vinakufa. Sasa ikishagawanyika, nani anaikumbusha ilikuwa jicho?"

Nikamwambia vibandiko vingi vya histoni vinabaki, na vitanzi vinafumwa upya ndani ya saa chache. Akaniuliza vibandiko vinagawanywaje kwa seli mbili. Kengele ikalia. Safari hii nilimwambia mbele ya wote: sijui yote, njoo Alhamisi maktaba tusome pamoja.

Amekuja. Hajaomba kwenda chooni.

---

Mwana_Kyela

Mwalimu, kabla uzi haujafungwa, sweta la mtoto wa darasa la kwanza mama anauza bei gani? Huku kwetu ni joto ila dogo anahamia kwa shangazi yake Makete Januari.

---

Mvua_ya_Tukuyu

Elfu kumi na tano, la Makete anaongeza kola nzito, elfu mbili. Nitumie kipimo cha kifua.